Mtu wa Mahadhi

Upepo ulipovuma, uliandikwa. Herufi nyeupe, nene, zilizokaa juu ya utepe mweusi, zilijitokeza chini ya kioo cha runinga: "Upepo unavuma kutoka mtoni." Mahadhi akazisoma, akaondoa mkono mmoja kwenye pedi ya kuchezea, akajipulizia kiganjani na kumtazama dadake kwa kejeli. Alikuwa akiuliza iwapo siku hizi hata upepo umepelekwa shule.

Ruqaiya alicheka, kisha akaandika kwenye simu yake kwamba maandishi yanasomeka vyema hata kwa mtu aliyeketi mwisho wa mkeka.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu huko Kilifi, na mtu wa kuamini mambo kwa moyo mmoja. Katika yote aliyoyaamini, kubwa lilikuwa hili: kwamba binadamu hafungiwi nje na mwili wake, hufungiwa na wale waliosahau kumfungulia. Jarida moja la mtandaoni la Kiswahili lilikuwa limempa kazi ya kuhakiki mchezo wa video wa vita wa zamani uliokarabatiwa na kutolewa upya, picha zake zimesafishwa, sauti zimerekodiwa upya, na maandishi ya chini yametiwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mhariri, kijana aliyeitwa Owen, alimtaka autazame kwa jicho la ufikivu: je, asiyesikia, asiyeona vizuri, au mwenye mkono mmoja ataweza kuucheza? Ruqaiya akaazima mashine ya michezo ya mwenzake wa chuoni, Nelly, akaja nayo nyumbani Malindi. Kakake alikuwa kiziwi, na mchezo huo, kabla haujawa wa mtu mwingine yeyote, ulikuwa wao.

Sababu nyingine hakumwambia mtu. Tangu mwezi wa Rajabu, Mahadhi alikuwa akitoka kazini kwenye kiwanda cha barafu, anakula, kisha anaugeukia ukuta. Mama yao, Bi Swabra, alikuwa amempelekea posa binti mmoja wa Ngomeni, na walipokelewa kwa kahawa na haluwa. Mjomba wa binti alizungumza kwa adabu zote. Kijana hana kasoro, alisema, ana kazi na ana dini. "Lakini, bibi, mtoto akilia usiku, nani atasikia?" Bi Swabra hakuyafikisha maneno hayo nyumbani. Hakukuwa na haja. Mahadhi alikuwa ameketi mbele ya mjomba yule, na midomo ya watu wazima alijifunza kuisoma kabla hajajua kusoma vitabu.

Neno ufikivu halikuwa na ishara katika nyumba yao, kwa hiyo Ruqaiya aliliundia moja: viganja viwili vikisukuma mlango polepole. Mahadhi aliitazama mara mbili, kisha akamwarifu kwa mikono yake kwamba hiyo ni ishara ya mwizi.

Alikuwa hivyo zamani, mtu wa mizaha. Ruqaiya alihisi moyo wake ukilegea. Labda, aliwaza, ilihitajika hii tu.

Mchezo wenyewe uliwajia kupitia baba yao, Mungu amrehemu, aliyekuwa mpishi wa Mwitaliano mmoja kule kwenye majumba ya ufuoni. Mwitaliano alipouza nyumba na kurudi kwao, alimwachia mpishi wake runinga, mashine ya michezo, na diski moja iliyozungumza Kiitaliano kitupu. Hata hicho Kiitaliano hawakukisikia. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula spika za runinga ile, na nyumba nzima ikawa kiziwi mbele ya mchezo. Kwa mara ya kwanza Mahadhi hakupungukiwa na kitu walichokuwa nacho wengine. Watoto wa mtaa waliomwita bubu barabarani walikuja kupanga viatu mlangoni, wakakaa kumtazama akicheza.

Na yeye ndiye aliyewasimulia hadithi, kwa mikono, Ruqaiya akitafsiri. Shujaa wa mchezo alikuwa luteni aliyebaki nyuma katika mji uliozingirwa. Katika mchezo wote hakufumbua kinywa. Wenzake walimgusa bega kabla ya kumwelekeza, walimnyooshea kidole njia ya kupita, mmoja alimchorea ramani mchangani kwa kijiti. Mahadhi, akiwa na umri wa miaka kumi, aliyatazama hayo yote na kuamua lile ambalo mtoto yeyote mwenye macho angeamua: Luteni ni kiziwi. Alimpa jina la ishara, vidole viwili juu ya nyusi, pale ukingo wa kofia ya chuma ulipokaa. Ruqaiya hakuwahi kulitilia shaka. Alikua akijua kwamba ulimwenguni kuna viziwi wawili mashuhuri, mmoja kakake.

Sasa mvua ya masika ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, ukuta umetota na kutoa ukungu, na Mahadhi alikuwa amefika darajani. Hapo ndipo alipokuwa akipigwa risasi za mgongo tangu utotoni, na adui aliyekuwa akimjia bila yeye kujua. Safari hii mshale mdogo uliwaka pembeni mwa kioo, pedi ikatetema mikononi, na maandishi yakasema: "Nyayo, nyuma yako." Akageuka. Adui akaanguka. Mahadhi aliachia kicheko kikubwa cha koo, kicheko alichokifunga mbele za watu kwa sababu hakujua kilivyosikika. Ruqaiya alikisikia, macho yakamlowa, na kichwani mwake sentensi za makala zikaanza kujipanga zenyewe, moja nzuri kuliko nyingine.

Baada ya daraja kulikuwa na mtaa wa nyumba zilizobomoka. Mahadhi aliujua kama ajuavyo njia ya msikitini. Alikuwa akiupita mbio, maana hakukuwa na adui wala risasi za kuokota. Alipofika kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, maandishi yakatokea: "Mtoto analia, ghorofani."

Alisimama. Aliyasoma, yakapotea, yakatokea tena. Miaka yote ile mtoto alikuwa akilia mle ndani, naye amepita. Hakumtazama dadake. Aliusukuma mlango wa buluu, akapanda ngazi ambazo hakuwahi kujua kwamba zipo, na huko juu, nyuma ya kabati, akamkuta mwanamke amejibanza na kichanga kifuani. Mahadhi alishusha bunduki. Ruqaiya alimwona akivuta pumzi ndefu, uso wake ukiwa mwepesi kwa namna ambayo hakuiona tangu Rajabu.

Kisha redio ya Luteni ikakoroma, na maandishi ya kijani yakauliza: "Luteni, unanisikia?"

Yakafuata ya manjano, rangi ambayo haikuwa imetumika bado. Juu yake palikuwa na jina.

"LUTENI: Nakusikia. Nimemsikia mtoto, ndiyo maana nimepanda."

Ilikuwa sauti nzito, nzuri, ya mwigizaji aliyelipwa kuifanya kazi yake. Ruqaiya aliisikia ikijaza chumba. Mahadhi alibaki na herufi zile mpaka zikafutika.

"Anasikia?" aliuliza kwa mikono.

Ruqaiya alianza kueleza. Alieleza haraka, vidole vikigongana: kwamba waliokarabati mchezo wamemtia sauti, kwamba zamani michezo mingi ilikuwa na mashujaa wasiosema ili mchezaji ajione ndani yao, kwamba kutosema ni jambo moja na kutosikia ni lingine. Alikuwa akieleza kama anayejibu swali la mtihani, na katikati ya maelezo aliona kwamba kakake ameacha kuitazama mikono yake na anamtazama usoni.

"Na zamani," alisema Mahadhi, "zamani pia alikuwa anasikia?"

Angeweza kusema la. Nani angemkanusha? Lakini Ruqaiya alikuwa amejifunza kwamba kumficha mtu ukweli kwa kumhurumia ni kumfungia mlango mwingine. Alilisema hilo mara nyingi mbele ya wenzake, na alipigiwa makofi.

"Ndiyo," alijibu. "Naona alikuwa anasikia."

Mahadhi aliiweka pedi mkekani taratibu, kama mtu anayelaza chombo cha kuazima. Akainuka, akachukua kofia yake, akatoka kwenye mvua.

Asubuhi Owen alipiga simu. Alimkumbusha makala, akauliza alama ngapi juu ya kumi, kisha akasema jambo moja zaidi. "Dada Ruqaiya, tutafutie neno la kiziwi mwenyewe. Wasomaji wanapenda kumsikia mhusika." Ruqaiya aliona Owen hakuona kichekesho katika alichosema, naye hakuwa na nguvu za kumwonyesha.

Alimkuta Mahadhi uani akivaa buti za kiwandani. Akamuuliza, kwa aibu, kama ana lolote la kusema kuhusu mchezo.

"Andika herufi ni kubwa," alisema Mahadhi. "Zinasomeka."

"Na Luteni?"

"Luteni si wa gazeti."

Basi aliandika. Aliandika kwamba maandishi ni makubwa na yanasomeka, kwamba mshale wa pembeni na mtetemo wa pedi vinampa asiyesikia nafasi sawa na mwingine, kwamba Kiswahili chake ni safi na hakuna sauti iliyosahauliwa, hata ya upepo. Hakuna sentensi iliyokuwa ya uongo. Alizipitia moja moja akitafuta pa kuweka ile nyumba yenye mlango wa buluu na hakupata, kila alipoigusa ikawa kama analalamika kwamba mtu amefunguliwa mlango. Akatoa tisa juu ya kumi. Alikaa na ile moja iliyobaki akijaribu kuieleza, kisha akaifuta aya nzima na kutuma. Owen alijibu papo hapo kwamba makala ni moto. Ruqaiya akaifunika simu kifudifudi juu ya kitanda.

Jioni, Mahadhi aliporudi, nguo zake zikinuka barafu na samaki, hakuugeukia ukuta. Alikaa mkekani amekunja miguu, mbele ya runinga iliyozimwa. Ruqaiya akasimama kizingitini. Akamwambia kwamba Nelly hajaidai mashine, na kwamba kuna namna ya kuiondoa sauti ya Luteni na maandishi yake, yakabaki ya wengine tu. Alikuwa ameitafuta mchana kutwa. Je, angependa wamalizie?

Mahadhi aliinua vidole viwili juu ya nyusi, akalitaja jina. Kisha akaunyoosha mkono na kukigeuza kiganja chini juu, ishara waliyoitumia baba yao alipofariki.

Ruqaiya alisubiri mzaha. Aliutafuta machoni mwake, kwenye pembe za mdomo, pale ulipozoea kuanzia. Haukuwapo. Mahadhi alikuwa amempa habari ya msiba, kama anavyopewa ndugu, na sasa anangoja.

Ruqaiya alivuta mtandio wake ukamfunika kichwa. "Pole," alisema kwa mkono, akiupitisha polepole kifuani. "Pole, kaka."

Mahadhi aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Akasogea, akamwachia nafasi mkekani, naye akakaa.

Bi Swabra alikuwa akipita na sinia la mchele wa kuchagua. Aliiona ile ishara ya mkono, akasimama mlangoni.

"Nani kafa?" aliuliza.

Ruqaiya alimtazama mamake, akamtazama kakake ambaye hakuwa amejua kwamba swali limeulizwa.

"Mtu wa Mahadhi, mama."

"Innalillahi. Namjua?"

"Alikuwa akija hapa zamani. Tulipokuwa wadogo."

Bi Swabra alimwangalia mwanawe aliyempa mgongo, mabega yake yaliyoinama. Aliliweka sinia chini ukutani, akavua ndara zake mlangoni, akaingia kukaa nao.