Kabla Sentensi Haijaisha

Mwanamke wa kwenye mazungumzo ya mazoezi alitaka kujua wakutane wapi, na sauti yake, nyembamba na ya madeko, ilitoka kinywani mwa mzee mwenye masharubu meupe. Kisha mzee akakohoa, akaishusha sauti hadi kifuani, akawa mwanamume anayejibu. Kiingereza chake kilikuwa kilekile cha zamani, kila neno kama limepigwa pasi. Muuguzi aliketi akiwa amempa mgongo, uso ukutani, penseli mkononi, maana kwenye mtihani hakuna midomo ya kutazama.

"Huyo bibie ana mafua!" mke wa mzee alidakia kutoka jikoni, akacheka peke yake.

Mzee hakugeuka. Muuguzi alikuwa ameshaweka alama.

"Umejibu nini, mwanangu?"

"Maktaba."

"Umesikia maktaba?"

"Nimesikia kabisa, mwalimu."

"Ndiyo maana wameiweka hapo." Mzee alivua miwani. "Bwana yule alisema alitaka wakutane maktaba, lakini leo inapakwa rangi, kwa hiyo wataonana mkahawani. Wewe umesikia maktaba, ukatoka mbio. Neno unalolisikia waziwazi, liogope. Mtunga mtihani anajua sikio lako lina njaa, anakurushia tonge."

Hospitali ilikuwa imempendekeza muuguzi kwenda nje kusomea uangalizi wa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Kwenye mtihani wa Kiingereza uliotakiwa, kuandika aliweza, kusoma aliweza; kilichomwangusha mara zote kilikuwa kusikiliza. Safari hii akianguka tena, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Ndipo alipofunga safari hadi kwa mtu ambaye hakuwa amemwona tangu alipokuwa msichana wa sare na soksi ndefu.

Enzi hizo walimwita Mwalimu Kaseti. Alikuwa akiingia darasani amekumbatia kinasa sauti kama mtu aliyebeba mtoto, anakiweka mezani, anafuta vumbi kwa leso. Betri zikichoka, Waingereza wa kwenye kaseti walianza kuvuta maneno kama walevi, na darasa zima likacheka hadi mwalimu naye akashindwa kujizuia. Kuna siku mwanafunzi mmoja alichanganya neno la meli na neno la kondoo, yanayokaribiana kwa Kiingereza, akaandika kwamba kondoo mkubwa ametia nanga bandarini. Jina la Kondoo lilimganda hadi walipomaliza shule. Muuguzi alikuwa akikaa mbele, karibu na dirisha lililovunjika kioo, na mkono wake ulikuwa hewani kabla kaseti haijafika mwisho. Hata sasa aliisikia harufu ya chaki. Alitamani mtu amrudishe kule, japo kwa kipindi kimoja, akose jibu na kucheka.

"Nikuwekee maji, mwalimu?" aliuliza, bado akitazama ukuta.

"Ndiyo, jua ni kali, lakini jioni litapoa," mzee akajibu.

Muuguzi aligeuka. Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Aligusa sikio lake, akatikisa kichwa taratibu. Muuguzi akaelewa. Masikio yaliyowafundisha wote kusikia yalikuwa yanafunga mlango mmoja baada ya mwingine.

Tangu hapo akawa anazungumza naye upande wa kushoto, uliobaki na nafuu. Wiki zikapita hivyo. Mzee alimzoesha kusoma maswali kabla ya kusikiliza, kuyashuku majibu yaliyobeba maneno yaleyale ya mzungumzaji, kutega sikio penye "lakini" na penye "kumbe". Zaidi ya yote alimzoesha kulaza penseli mezani.

"Mtu hubadili mawazo katikati ya sentensi," alisema alasiri moja. "Nusu ya kwanza anasema lililomjia. Nusu ya pili ndiyo anasema analotaka. Ukiondoka nusu ya kwanza, umeondoka na mtu mwingine."

Mbele ya macho ya muuguzi ulisimama mlango wa nyumba yao, begi miguuni, na baba yake, seremala, akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. "Sitaki uende huko," baba alikuwa amesema. Naye akanyanyua begi akatoka, akaenda chuo cha uuguzi bila kutazama nyuma. Baadaye walisalimiana, wakala pamoja, hata wakacheka. Lakini siku ile hawakuigusa tena, na baba akaenda nayo kaburini.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mama yake. Alimkuta uani anaanika mashuka, akashika ncha ya pili.

"Mama, siku ile niliyoondoka kwenda chuo, nilipotoka mlangoni, baba alisema nini?"

Mama aliendelea kukung'uta shuka. "Alikuwa bado anasema nawe. Alisema hataki uende huko peke yako kama mtoto asiye na wenyewe, kesho angekupeleka. Alikuwa ameshaazima koti kwa jirani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani akuambie, nawe umeshapinda kona? Ulipotuma habari kwamba umefika salama, akasema basi, yamekwisha. Koti akalirudisha." Mama alibana kibanio cha mwisho. "Lilikuwa linambana hata hivyo. Angekuaibisha."

Walicheka wote wawili, kisha muuguzi akauficha uso kwenye shuka lenye maji, na mama akamwacha.

Siku ya mtihani, mwanamke kwenye spika alisema treni yake inaondoka asubuhi, na hapo hapo asubuhi ikameta miongoni mwa majibu. Vidole vya muuguzi viliwasha. Aliilaza penseli. Sauti ikaendelea: asubuhi ndivyo ilivyokuwa, kumbe ratiba imebadilika. Akamsikiliza mwanamke yule asiyemjua hadi pumzi yake ya mwisho, kama anayemsikiliza ndugu.

Matokeo yalipotoka alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Mke wa mzee akampokea mlangoni, akausoma uso wake, akajifunika mdomo kwa furaha.

"Mwambie mwenyewe," alinong'ona.

Muuguzi akapiga magoti kando ya kiti, upande wa kushoto. "Mwalimu, nimefaulu."

"Umesahau?" Mzee alitabasamu. "Na mimi ninasahau siku hizi. Ila wewe sikusahau. Ulikuwa unakaa pale dirishani, kwenye kioo kilichovunjika. Mvua ikinyesha unalowa, lakini hukubali kuhama. Nilikuwa nikijiuliza, huyu mtoto..."

Mkewe alitaka kumkatiza. Muuguzi alimzuia kwa mkono, akaketi sakafuni kabisa, akakunja miguu.

"Ulikuwa ukijiuliza nini, mwalimu?"