Tamasha Lina Milango Yake

Redio alipachikwa jina hilo na shangazi yake kabla hajaanza shule, kwa sababu akishaanza kusema hazimiki. Sasa alikuwa msusi mwenye kiti chake saluni na, kwa mwaka huo, mmoja wa mabalozi wawili vijana wa tamasha la maua la mtaa wao. Mwenzake alikuwa seremala kijana, mrefu mpaka watu wakamwita Ngazi.

Tamasha lenyewe liliwazidi umri. Lilianza pale shangazi na majirani zake walipochoka kuona taka zikitupwa kando ya mfereji, wakapanda maua palepale penye taka. Watu wakaona haya kumwaga uchafu juu ya maua. Mwaka uliofuata kila nyumba ikatoa maua yake nje, kwenye makopo ya rangi, mabeseni yaliyotoboka, hata sinki bovu, na watu wakapita mlango hadi mlango wakitazama. Tangu hapo halikuwahi kukosa mwaka.

Sasa serikali ilikuwa imelitambua. Naibu waziri alikuja mwenyewe kutangaza kwamba limeingizwa kwenye matamasha ya taifa, na mabalozi wake pamoja nalo. Turubai lilifungwa mwanzo wa mtaa, viti vya kukodi vikapangwa, na fundi wa spika akahesabu moja mbili, moja mbili, mpaka watoto wakawa wanamwitikia.

Shangazi, mwenyekiti wa kamati, alimvuta Redio nyuma ya jukwaa na kumnyoosha utepe begani.

"Utatoa shukrani, ushuke. Usije ukaanza habari za mfereji ulivyokuwa unanuka."

"Mimi tena, shangazi?"

"Ndiyo maana nasema. Wewe tena."

Naibu waziri alikuwa mtu wa maneno mazuri. Aliwavisha mabalozi nishani, akamkabidhi shangazi cheti chenye fremu, vigelegele vikapigwa. Kisha akasema amekuja na zawadi nyingine: kwa kuwa tamasha sasa ni la taifa, kuanzia mwaka ujao litahamia uwanja wa mpira, kwenye nafasi na maegesho ya kutosha.

Makofi yalilia mbele tu, walikokaa wageni. Nyuma watu walitazamana. Shangazi alikuwa amekikumbatia cheti chake, tabasamu limemkaukia usoni. Ngazi aliinama akamnong'oneza Redio, "Sasa lile sinki nalo tutalipeleka uwanjani?"

Mshereheshaji akaita balozi atoe shukrani. Redio alipanda. Alijua anachotaka kusema, na hilo lilimtosha.

"Mheshimiwa, tunakushukuru sana. Hata kwa uwanja tunashukuru, maana umetufikiria. Ila tangu ufike umeona turubai, maua yenyewe hujayaona. Yako milangoni kwa watu, na tamasha liko hukohuko. Sisi ni mabalozi, kazi yetu ni kupokea wageni. Tunakuomba utembee nasi mpaka mwisho wa mtaa, halafu uamue."

Ofisa wa itifaki aliangalia saa yake, akatikisa kichwa. Naibu waziri aliwaangalia watu, na watu walikuwa wanamwangalia yeye. Akavua koti, akampa dereva.

"Haya, mabalozi. Tangulieni."

Wakaenda. Redio alieleza kila mlango: huyu kinyozi hupanda kwenye matairi, yule mama lishe hapandi ua lisilonukia. Ngazi alitangulia kuinua matawi yasimkwaruze mgeni usoni. Kufikia katikati ya mtaa naibu waziri alikuwa anauliza maswali mwenyewe, na ofisa wa itifaki ameacha kuangalia saa.

Wakafika kwa mshonaji, mama mtu mzima ambaye miguu ilikuwa imemgomea miaka mingi. Alikaa dirishani na cherehani yake, na chini ya dirisha maua mekundu yalikuwa yamefunika ukuta wote. Aliyamwagilia kwa birika, palepale alipoketi.

"Shikamoo, mama," alisema naibu waziri.

"Marahaba, baba. Karibu, ila angalia mguu, usinikanyagie miche."

Mgeni akarudi nyuma upesi. "Maua yako yamependeza. Mwaka ujao tutakuona uwanjani?"

"Uwanjani nitafikaje, mwanangu? Mimi siendi kwenye tamasha. Tamasha ndilo hunijia. Mwaka mzima nalisubiri hapa."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Naibu waziri aliutazama ule ukuta wa maua. Kisha akamwomba ua moja. Mshonaji akalikata kwa mkasi wa kazini.

Naibu waziri aliporudi jukwaani na ua mfukoni mwa shati, hakuzungusha maneno. "Nimetembea, nimeona. Tamasha libaki lilipo. Ule uwanja tutautumia kuegesha magari ya wageni."

Safari hii makofi yalianzia nyuma. Shangazi aliweka cheti kitini apate kupiga kwa mikono miwili, na Redio aliposhuka alimkamata shavu kama mtoto mdogo.

"Nilikwambia utoe shukrani tu."

"Si nilishukuru, shangazi? Tena mara mbili."

Mwaka uliofuata magari yalijaa uwanjani, na wageni wakaja kwa miguu. Redio na Ngazi walikwishawavisha mabalozi wapya tepe zao, lakini asubuhi hiyo walikuwa mtaani na wengine, mmoja ana ufagio, mwingine anapigilia rafu ya makopo ya maua kwenye ukuta wa jirani mpya aliyetaka naye mlango wake uonekane.