Zipu ya Pafu la Kushoto

Jana mchana, makande ya Tausi yakiwa bado yamenijaa tumboni, nililalia cherehani yangu nikaota droo inanisema.

Katika droo hiyo naweka vifungo vya nguo. Naweka pia vidonge vyangu vya kifua kikuu, vya wiki mbili nzima, ambavyo mke wangu Tausi anaamini nimevimeza. Kliniki walimpa kazi ya kunisimamia nikimeza, naye hunisimamia kweli. Mimi navibana chini ya ulimi, nakunywa maji kwa mbwembwe, kisha navitema humu. Kikohozi kimekwisha na suruali zinanibana. Mtu aliyepona anameza dawa za nini?

"Sisi humu tunafanya nini?" kidonge kimoja kinauliza.

"Pumzikeni," najibu.

"Tumeshapumzika. Wanaofanya kazi sasa ni wale wa kifuani."

Nikainama nikisikie vizuri, nikajikuta nimesimama ndani ya pafu langu la kushoto. Nililitambua kwa sababu pembeni limeandikwa jina langu, Shomari Kibwana, kama kwenye picha ya eksirei.

Ndani mna karakana. Bakteria mmoja mnene, kajifunga aproni, ananipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mfadhili wetu."

"Mfadhili wa nini?"

"Wa mapumziko haya. Ulipokuwa unameza, hatukupata hata nafasi ya kuokota sindano. Sasa tunakarabati kwa raha zetu. Mungu akuzidishie usahaulifu."

Nikamwambia sisahau, naficha. Akasema basi heshima ni kubwa zaidi.

Ananitandikia DNA yake mezani. Ni zipu ndefu, meno mamilioni, na ndani yake mna maelekezo yote ya kuwa bakteria. Askari wa mwili wangu wameirushia kemikali, nayo imeacha ulimbo kwenye meno. Jino lenye ulimbo hushikana na jino lisilo lake, na watoto wakinakiliwa hivyo huzaliwa vilema, au hawazaliwi kabisa.

Anaitwa fundi mmoja mwembamba. Anagusa ulimbo kwa kiganja. Ulimbo unahamia kiganjani, jino linabaki safi, na fundi anakauka palepale.

"Huyu vipi?" nauliza.

"Kamaliza. Kila mmoja anafanya kazi mara moja tu maishani. Leteni mwingine."

Nikawafikiria mafundi wa mtaani kwetu, ambao hata hiyo mara moja ni mpaka uwabembeleze.

Ndipo nikaona pengo. Jino moja limeng'oka kabisa. Hapo ilinipasa ninyamaze. Zipu hiyo ikikwama, mimi napona, na hilo nililijua vizuri tu. Lakini nina miaka ishirini na sita kwenye cherehani, na zipu yenye pengo hunikosesha raha.

"Hapa mnafanyaje?"

"Tunabandika chochote."

"Chochote?" Nilikasirika. Nikachomoa pini niliyokuwa nimeichomeka kwenye kola, nikaikunja, nikaitia penye pengo, nikavuta. Zipu ikapanda kama ya gauni la bibi harusi.

Karakana nzima ikanipigia vigelegele. Yule mnene akajigawa mara mbili kwa furaha, na wote wawili wakanipa mkono.

"Mimi ndiye mwenye pini," akasema wa pili kwa adabu. "Vile vidonge vyako, sasa hata ukivimeza, mimi havinipati. Wala wanangu. Ahsante sana, fundi."

Niliogopa kuliko siku ile niliyoambiwa ninaumwa.

Tausi ananitikisa bega. "Baba Mwaka, unakohoa usingizini."

"Vumbi la vitambaa," nikasema. Nikapapasa kola. Pini haipo. Nikatazama sakafuni, nikatazama chini ya cherehani, haipo. Nikakohoa tena, na upande wa kushoto kitu kikanichoma, kidogo tu, kama ncha.

Nikavuta droo, nikachambua vidonge kutoka kwenye vifungo na kumjazia Tausi kiganjani. Alivihesabu kimoja kimoja.

"Ulikuwa unafungua kinywa naangalia," akasema.

"Hukuniambia niinue ulimi."

Alivifunga vidonge kwenye pindo la kanga. Nikaona aibu.

"Twende kliniki kabla hawajafunga," nikasema.

"Tukamwambie nesi nini?"

"Kwamba nilikuwa naficha." La pini nitalisema nikiulizwa.