Msumari wa Arobaini

Rangnath aliweka mfuko wa tatu wa mchanga kwenye kitanga cha kushoto, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja boriti itulie. Haikutulia upesi. Kitanga cha kulia kilipanda, kikashuka, kikapanda tena kidogo, minyororo ikilia taratibu. Alisimama tu, mikono nyuma, kwa kuwa mizani kubwa haiharakishwi. Iliposimama ilikuwa imelala upande kwa unene wa kidole. Akachota konzi mbili za mchanga, akazirudisha ndooni, akaanza upya.

"Unaupima huo mchanga au unaubembeleza?" aliuliza Hambir.

Hambir alikuwa dereva wa Udaysinh, lakini tangu asubuhi hakuwa ameendesha kitu. Alikuwa amekaa juu ya rundo la sukari guru, mlangoni mwa ghala la soko, akichezea simu.

"Ondoa makalio yako hapo," alisema Rangnath bila kugeuka. "Kesho vijiji vizima vitaila hiyo."

"Basi itazidi utamu, ami."

"Labda itazidi harufu."

Hambir akacheka, akahamia kwenye gunia tupu.

Kesho Aba Shendkar alikuwa anatimiza miaka sabini na minane. Kama kila mwaka, angekaa kwenye kitanga kimoja mbele ya umati, na vijiji vya miwa vingeleta sukari guru na kuipakia kwenye kitanga cha pili, bonge moja kilo kumi, huku watu wakihesabu kwa sauti moja mpaka kiongozi wao anyanyuke. Halafu sukari ingegawanywa, kila nyumba ikala kipande cha uzito wa Aba. Rangnath ndiye aliyeisimamia mizani hiyo tangu baba yake alipoacha kuona vizuri. Kila mwaka, baada ya watu kuondoka, alipigilia msumari kwenye nguzo ya mtiki iliyobeba boriti, juu au chini kulingana na kilo.

Misumari ilikuwa thelathini na tisa. Mgeni angeona nguzo iliyotobolewa ovyo, lakini Rangnath aliisoma kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Wa chini kabisa, kilo arobaini na tisa, ulikuwa wa mwaka ambao Aba alitoka gerezani, mwembamba, mbavu za kuhesabika, na wakulima wakamleta sokoni wamembeba mabegani. Pale ulipopanda hadi sitini na sita alikuwa waziri wa umwagiliaji. Ule wa juu kuliko yote, themanini na nne, ni wa mwaka alipokuwa waziri mkuu wa jimbo kwa mara ya pili, na umati ulihesabu mabonge manane ukapagawa. Sabini na tisa, mwaka aliovunja chama cha zamani akaunda chake chenye alama ya kinu cha miwa. Sabini na moja, mwaka waliposhindwa uchaguzi. Mwaka jana, sitini na nane. Msumari wa arobaini ulikuwa mfukoni mwake, umefungwa kwenye karatasi.

Mchanga ulilingana. Akaviangalia vitanga vikining'inia, akaona macho yake bado hayajavizoea. Vilikuwa juu. Asubuhi Hambir alikuja na ujumbe wa bosi wake: vitanga vipandishwe shubiri mbili, ili watu walio nyuma nao wamwone Aba vizuri. Udaysinh alikuwa mtoto wa kaka yake Aba, naye ndiye katibu wa chama. Rangnath aliona ni ombi la busara. Alikata pete nne kwenye kila mnyororo, minyororo minane, akaunganisha tena, na seremala akaleta ngazi ya mbao yenye vidato vitatu mahali pa kile kigoda cha miaka yote.

Saa tisa alasiri mlango wa nyuma uligongwa. Aliingia Vaijayanti, binti wa Aba, mwanamke wa miaka hamsini mwenye miwani, amekumbatia kifurushi kilichofungwa kwa shuka. Alimwona Hambir kwanza.

"Hambir, mwanangu, nenda ukatuletee chai. Ya pale kwa mzee wa tangawizi, si hii ya mlangoni."

"Pale ni mbali, bibie."

"Ndiyo maana nakutuma wewe mwenye miguu."

Hambir alimtazama, akautazama mlango wa nyuma, akatoka akiwa tayari ameishika simu sikioni. Ndipo Vaijayanti akageuka na kusema kwa sauti ya chini, "Baba, njoo."

Rangnath hakuwa amemwona Aba kwa karibu tangu msimu wa mvua. Kwenye mabango alikuwa bado na mashavu. Aliyeingia alikuwa na kilemba kilekile, koti lilelile la rangi ya maziwa, na ndani ya koti kulikuwa na nafasi nyingi. Rangnath akainama kugusa miguu yake, akakiona kifundo cha mguu kilivyo chembamba, akachelewa kidogo kuinuka.

"Ranga," alisema Aba. "Usinipime kwa macho. Ngoja mizani."

"Sijasema kitu, Aba."

"Hukusema. Umechelewa mno kuinuka."

Vaijayanti alifungua kifurushi. Kilikuwa kizibao cha kitambaa kizito, kimeshonwa mifuko midogo midogo kila mahali, na kila mfuko una kipande cha risasi kama vile vinavyofungwa kwenye nyavu za samaki. Aliuliza kama Rangnath anaelewa. Rangnath alisema anaelewa.

"Kilo kumi na sita," alisema Vaijayanti. "Bila hiki, baba ni hamsini na moja. Kesho wabunge wetu ishirini na watatu watakaa mstari wa mbele. Wakihesabu mabonge matano, kufikia jioni watakuwa sebuleni kwa Udaysinh, wote. Kuna uchaguzi baada ya miezi mitatu. Daktari anasema..."

"Daktari hapigi kura hapa," alisema Aba.

Rangnath alikigusa kizibao, akakiinua kwa mkono mmoja. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia aongeze hata kipande. Aliwaza maneno ya kusema, akachagua machache. "Mizani hii haijawahi kudanganya, Aba."

"Wala kesho haitadanganya. Itapima kilichomo kwenye kitanga. Hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo yako." Kisha, kwa upole zaidi, "Nivishe tujaribu. Nisije nikaaibika mbele ya watu kwa kitu ambacho sijakijaribu."

Walimvisha. Mabega yalishuka, akayarudisha juu. Aliiendea ngazi, akaitazama, akamtazama Rangnath, akaitazama tena.

"Kigoda changu kiko wapi?"

"Vitanga vimepandishwa, Aba. Watu wa nyuma walikuwa hawaoni."

Aba alishika ukingo wa ngazi. Alikanyaga kidato cha kwanza, akavuta pumzi. Kidato cha pili. Kwenye cha tatu Vaijayanti alitaka kumshika kiwiko, akamzuia kwa kidole. Alikaa kwenye kitanga, akakamata mnyororo. Rangnath akapakia mabonge taratibu, moja, mbili, na Aba akahesabu kwa kunong'ona, akijaribu kutia mdundo ule wa umati. Kwenye la sita, na vipande saba vya kilo moja, kitanga kilinyanyuka.

Sitini na saba. Hakuna ambaye angeshangaa.

Lakini mnyororo ulikuwa unalia. Mlio mdogo, wa haraka, kama kijiko ndani ya glasi kwenye gari linalokwenda. Rangnath aliangalia ndoano, akaangalia boriti, halafu akaona ni mkono wa Aba. Uso wa mzee ulikuwa umelowa jasho.

Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda. Kwenye kidato cha katikati Aba alisimama, macho ameyafumba, na risasi zikamvuta mbele kiasi kwamba Rangnath aliweka kifua chake mbele ya kifua cha mzee na kuubeba uzito wote. Alisikia moyo ukipiga ndani ya kile kitambaa, bila mpangilio.

"Ngoja," alisema Aba. "Usinishushe. Ngoja tu." Baada ya muda akaongeza, "Nani alisema vipandishwe?"

"Udaysinh."

Aba alicheka, kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi. "Mashada ya maua," alisema. "Unakumbuka, Ranga?"

Rangnath alikumbuka. Asingependa kukumbuka, lakini mikono yake ilikumbuka kabla yake. Alikuwa na miaka ishirini. Kiongozi wa wakati ule alikuwa mzee Dhondiba Vichare, mwenye kisukari na miguu iliyovimba, na Aba alikuwa kijana wake, mwanafunzi wake, aliyemwandalia mapokezi ya heshima: vijiji mia na nane, kila kijiji na shada lake, na kila shada lipokelewe kwa kusimama, chini ya jua kali la mwezi wa nne. Nani angekataa heshima kama ile? Rangnath ndiye aliyekuwa akiyapokeza mashada jukwaani. Aba alikuwa amemwambia jambo moja tu: usiharakishe. Hakuharakisha. Kwenye shada la sitini na kitu Dhondiba alianguka mbele ya wapiga picha, kilemba kikabiringika hadi miguuni pa watu. Ijumaa ya wiki ileile chama kilikuwa na kiongozi mpya.

Kwa miaka mingi Rangnath alijiambia kwamba yeye alipewa maua, akayapokeza maua.

"Udaysinh alipokuwa mdogo," alisema Aba akiwa bado ameegemea kifuani pake, "kila sikukuu ya Diwali alitaka nimsimulie. Nikifika pale kwenye kilemba anacheka mpaka analala chini. Mimi nilidhani anafurahia hadithi."

Walimketisha kwenye gunia, wakamvua kizibao. Vaijayanti alimfuta uso kwa ncha ya sari yake.

"Ami Rangnath," alisema, "vitanga virudishe vilivyokuwa. Tafadhali."

"Asiguse," alisema Aba. "Vikishuka, Udaysinh atajua kwamba nimejua. Atatafuta kitu kingine usiku huuhuu, nacho sitakiona. Hiki nakiona. Ni vidato vitatu. Nimepanda vya kuzidi hivyo."

"Baba, umepanda mara moja, na hukuweza kushuka."

"Kesho wakishahesabu, kushuka si kitu. Nitahitaji kupanda tu." Aliliweka koti sawa, akatengeneza kilemba, na kwa dakika ile akawa yule wa kwenye mabango. "Ranga, umesikia?"

"Nimesikia, Aba."

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Vaijayanti aligeuka mara moja, akamtazama Rangnath.

Rangnath alibaki na mizani. Aliitazama ngazi. Kusikia alikuwa amesikia, hakuwa ameahidi. Hatimaye alichukua koleo na zile pete alizozikata asubuhi, zilizokuwa bado kwenye kopo. Akaanza na mnyororo wa kwanza wa kitanga cha kulia. Kufungua ni rahisi. Kurudisha pete na kuibana isiachie kunataka subira, na pete zilikuwa thelathini na mbili. Mnyororo wa kwanza ukaisha. Wa pili. Alipokuwa akifunga wa tatu, kitanga kimeinama upande mmoja kama kiti kilichovunjika mguu, Hambir alirudi na glasi za chai zilizopoa.

"Wageni wameenda?"

"Wameenda."

"Na wewe unafanya nini hapo?"

"Kitanga hakijakaa vizuri. Narekebisha."

Hambir aliziweka glasi chini. Alihesabu pete kwa macho, polepole, naye hakuwa mjinga. Alitoka nje na simu. Aliporudi hakuwa na utani tena.

"Udaysinh anasema uache ilivyo. Wao wataleta fundi wa kiwandani kesho alfajiri amalizie. Wewe pumzika, umezeeka, anasema. Funguo nipe."

"Fundi wa kiwandani anapima malori."

"Funguo, ami."

Rangnath alimpa funguo. Akasema anachukua vitu vyake, na Hambir akaitikia kwa kichwa, akigeuka kufunga madirisha. Rangnath alipanda ngazi ileile, vidato vitatu, akakichomoa kile kipande cha chuma chenye makali ambacho boriti yote hukilalia, kidogo kuliko kiganja. Baba yake alikichonga kwa tupa kwa siku kumi na moja. Bila hicho, mizani ni vyuma vilivyotundikwa. Boriti ilishuka kwenye kilalio chake bila sauti. Akakiingiza mfukoni, pamoja na msumari.

"Kesho usichelewe," alisema Hambir mlangoni. "Saa tatu umati umejaa."

"Nitafika saa kumi na mbili. Imebaki minyororo mitano."

"Nimekwambia yupo fundi."

"Umeniambia."

Alishika njia ya nyumbani kando ya mashamba ya miwa. Nyuma yake alisikia Hambir akifunga kufuli, kisha akilivuta mara mbili kuhakikisha, kisha akimpigia mtu mwingine simu. Kile chuma kilikuwa kizito mfukoni, na makali yake yalimgusa ubavuni kila hatua.