Tuandike Jina la Nani

...na maji yanatoka, kweli yanatoka, tena kwa nguvu, nimefungua bomba na kulifunga na kulifungua tena, maana nikiacha kulichezea itabidi nijibu, na dada wa mikopo ya nyumba amesimama mlangoni pa jiko, kalamu mkononi, ameshauliza, "Haya, tuandike jina la nani?" na mume wangu ametanua kifua, na mimi naangalia jiko langu... Mungu wangu, nimesema langu, hata hatujakubaliwa, lakini lina dirisha, lina kabati lisilo na kufuli, kwa wifi yangu hata chumvi imefungiwa, tangu tuhamie vyumba vyake vya uani sijachemsha chai kwa amani, akisikia birika tu huyo, "Unachemsha tena?" utadhani nachemsha mafuta ya ndege, na watoto wanalala miguuni petu kama viatu, kwa hiyo nyumba hii tunaitaka, hilo halina mjadala, mjadala ni jina, na dada wa watu ametueleza vizuri kabisa, njia ni mbili, ya kwanza ya askari wa akiba, yaani mume wangu, ambaye siku zote ni fundi wa friji, ila akiitwa mazoezini anavaa sare na mtaa mzima unamwita Afande, ya pili ni ya raia walioajiriwa jeshini, yaani mimi, karakana ya sare, cherehani ya karibu na dirisha, nyumba ni ile ile na unafuu wa mkopo ni ule ule, "ila mwombaji mkuu awe mmoja," akasema, na askari wa akiba lazima abaki kikosini mpaka mkopo uishe, na kila mwaka afaulu jaribio la kukimbia, akiondolewa kikosini unafuu nao unaondoka, raia yeye anatakiwa awe kazini tu, basi, akae ashone, hakuna aliyewahi kuniambia nikimbie na cherehani... kukimbia, jamani, mume wangu huyu, mwaka jana alirudi kutoka kwenye hilo jaribio amebebwa na wenzake wawili, wifi akadhani wanambeba kwa ushindi, akapiga makofi, na yeye akapunga mkono, alipunga mkono, midomo imemkauka kama amelamba chaki, akaniambia chumbani kwamba alifaulu, kwa shida lakini alifaulu, na suruali yake ya sare naijua kuliko daktari yeyote anavyomjua mwenyewe, kila akinenepa nimeiachia mishono ya kiunoni mpaka kitambaa cha kuachia kimekwisha, mwezi uliopita nimeunga kipande nyuma, naye anasema sare za siku hizi zinasinyaa, ananiambia mimi, mimi ninayezishona...

"Afande, chumba cha pili mmekiona?" dada anauliza, na Afande anajibu, "Tumekikagua," si tumekiona, tumekikagua, tangu habari za nyumba zianze ameshamtangazia kinyozi na muuza mkaa na wifi, na wifi ameutangazia ulimwengu, kaka yangu jeshi linampa nyumba, hakuna anayepewa kitu, ni kununua, lakini nani atamwambia, na mimi kwenye hadithi hiyo ni nani, mke wa Afande, mwenye kushika mkoba, wakati mwenye ajira ya kudumu jeshini ni nani, kwa hiyo leo nimekuja nimejipanga, maneno nimeyapanga tangu asubuhi nikipiga pasi, nitamwambia baba watoto, nakuheshimu, lakini siwezi kulaza watoto wangu juu ya mapafu yako, kavu kavu, mbele ya mgeni, anune mpaka mwakani kama anataka, na ndiyo nafunga bomba, ndiyo nageuka niyatoe hayo maneno... "Samahani, dada," hiyo ni sauti yake, lakini imeshuka, anadhani maji bado yananizuia kusikia, "hilo la kukimbia, sasa mtu akishindwa, labda siku hiyo ana mafua?" "Anapewa nafasi ya pili, Afande." "Na ya tatu?" "Ya tatu hakuna." "Aha," anasema, "nauliza tu, kuna mwenzangu mmoja ana mafua sana," na mimi naganda hapa na mikono inadondosha maji, kwa sababu sauti hiyo naijua, ndiyo sauti aliyokuja nayo karakana, kabla hajanioa, kutengeneza friji yetu, akahangaika nayo nusu siku, kumbe ilikuwa haijachomekwa tu kwenye umeme, na alikuwa ameshaliona hilo tangu anaingia, hakutaka kuondoka, akaniuliza kwa sauti hiyo hiyo, "Na wewe nyumbani una friji?"... kumbe anajua, anajua kuliko mimi, ila amejitutumua mno mbele za watu na sasa hajui pa kushukia, anaogopa, Afande wa watu, na ngumi nilizomkunjia tangu asubuhi ni za nini sasa, yale maneno ya mapafu nayameza, nayasikia yakishuka, natafuta mengine haraka, ya upole, yenye kitambaa cha kuachia, nitasema, andika langu, dada, Afande anaweza kuitwa wakati wowote, nchi ikimhitaji ghafla nani atabaki ashughulikie karatasi, hivyo, tena niseme kwa kulalamika kidogo, kama mke aliyechoka na umuhimu wa mumewe, na atavimba kichwa, hilo najua, jioni atamweleza wifi kwamba ni sababu za kiusalama, na avimbe tu, mimi jina langu litakuwa kwenye nyumba na watoto watakuwa na chumba... "Mama?" dada anauliza, "basi tuandike la nani?" kalamu bado iko juu, karatasi bado ni nyeupe, na mume wangu ananitazama, kifua bado kimetanuka lakini macho ni ya fundi aliyebeba friji peke yake, amefika katikati ya ngazi na hawezi kupanda wala kushuka, anangoja tu mtu ashike upande wa pili... ngoja, mume wangu, ngoja nifute mikono, nakuja, nashika.