Upande wa Kaltuma

Wanawake wa Malindi walimjua Kaltuma kwa jambo moja: picha zake hazitoki nje. Siku ya kupamba, bibi harusi anapokalishwa na hina yake hadi viwikoni, na wanawake wamevua mabuibui, wamefungua nywele, wanacheza mpaka jasho linawachuruzika, simu zote hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni. Kamera inayoingia ni moja tu, ya Kaltuma. Hana msaidizi, hatii kazi kwenye flashi za watu, na nakala huwa moja, kwenye kompyuta yake tu, mpaka bibi harusi aje aichukue kwa mkono wake mwenyewe. Wapo waliosema ana makuu. Hao hao, siku ya harusi ya binti zao, ndio wa kwanza kubisha kwake.

Sasa mtu mwenye kazi ya sitara namna ile ana haja gani ya kugawana kompyuta na mwanamume? Kaltuma alijiuliza hilo baadaye, tena kwa hasira, na jibu hakulipata. Kompyuta ilikuwa yake. Aliyeomba ni Seif, mumewe, muuza vipuri vya pikipiki, mtu wa maneno matamu anapotaka kitu. Alisema gemu yake ya mpira haichezeki kwenye kile kikompyuta chake kikuukuu, na mashine ya mkewe ina kadi ya picha yenye nguvu, basi ubaya uko wapi? Kaltuma akampigia Fridah, shoga yake wa Tezo aliyesoma naye mambo ya kompyuta, na sasa ni fundi Kilifi mjini. Fridah akaja akaigawa diski. Upande mmoja Windows, wa Seif na mpira wake. Upande wa pili Linux, wa Kaltuma na kazi zake, umefungwa kwa neno la siri. Ukiwasha, mashine inakuuliza unataka kuingia upande gani, na aliye huku haoni cha kule. Seif aliapa kwamba hatagusa kitu nje ya upande wake, wala hatawaleta rafiki zake kukaa mbele ya mashine ile.

Aliapa, ndiyo. Kwa Seif kuapa ni kama kupiga chafya, kunamtoka tu.

Ikaja harusi ya Sahla wa Mambrui. Mamake, Bi Arafa, alikuwa mtu wa haya zake, hajapata kupigwa picha ila ya kitambulisho, na hata hiyo alikwenda kwa kusukumwa. Lakini siku ile, kumwona binti yake wa pekee amekaa mbele ya watu, furaha ilimzidi. Akavua mtandio, akazifungua nywele zake zilizochanganya nyeusi na nyeupe, akaingia katikati akacheza na mwanawe, akamwimbia huku analia na kucheka kwa pamoja. Kaltuma alimfuata kwa kamera mwanzo hadi mwisho. Kazi ile haijaisha kuhaririwa, Bi Arafa akashikwa na homa, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Baada ya hitima Sahla alimjia Kaltuma, amekonda uso, akamwambia harusi yenyewe haitaki, anayemtaka ni mama peke yake.

"Nataka kumwona akicheza," alisema. "Nikishamwona sitakuomba jingine."

Kaltuma alikaa kazini siku hiyo hiyo. Picha zilikuwa zinakwama-kwama, na mashine ikamwarifu kwamba kuna draiva mpya ya kadi ya picha. Draiva ndiyo ile programu inayoiambia kadi ichore nini kwenye skrini, na ikichakaa, video nazo huchechemea. Akakubali. Ikapakuliwa, ikajiweka yenyewe, ikamwomba azime na kuwasha upya. Adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa, basi akazima, akaenda kuswali, halafu akatoka kwenda sokoni. Huku nyuma Seif akarudi, akaikalia mashine kama ada yake.

Kaltuma aliporudi akachagua upande wake, akaandika neno la siri, na skrini ikawa nyeusi tititi. Feni inanguruma, taa inawaka, lakini kwenye skrini hakuna hata nukta. Akazima, akawasha, akazima tena. Upande wa Seif ulifunguka vizuri kabisa, nyasi za kijani na kelele za mashabiki. Wake ulikuwa giza.

Akampigia Fridah. Fridah alikuwa amebanwa na kazi, hangeweza kutoka Kilifi kabla ya wiki inayofuata, lakini alimwuliza swali moja la maana: je, kuna mtu aliyegusa mipangilio ya chini, ile unayoingia kabla mashine haijakuuliza upande? Kaltuma akamwuliza Seif, simu iko sikioni. Seif alikuwa anakunywa chai. Akasema yeye hajagusa kitu. Fridah akasema basi itakuwa ni ile draiva mpya, Kaltuma aiache mashine ilivyo, atakuja kuitazama kwa macho yake. Kaltuma akajilaumu usiku na mchana. Nani alimtuma kubonyeza kitu asichokuwa na haja nacho, na picha ya maiti wa watu imo ndani? Alijitukana mpaka akaishiwa na matusi, na Seif anamsikia, na anaendelea kula.

Habari haikukaa siku nyingi. Muzammil, mmoja wa wale rafiki wa Seif, alimsimulia mkewe jinsi wanavyofaidi mpira kwenye mashine ya Kaltuma kila mwenyewe anapokuwa hayupo. Mke akayafikisha Mambrui. Ndipo asubuhi moja Bi Shamsa, dada mkubwa wa marehemu, akafika pale na Sahla nyuma yake. Seif alikuwa bado hajaenda dukani. Kusikia sauti za wanawake akaingia chumbani, akashusha pazia, kama inavyotakiwa.

Kaltuma akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba bila tabasamu. Bi Shamsa hakutaka chai. Aliuliza kama ni kweli kwamba wanaume hukaa na kupiga kelele mbele ya mashine ambayo ndani yake mna nywele za ndugu yake. Kaltuma alihisi uso umemwaka moto, maana hilo la rafiki za Seif alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Alijaribu kueleza. Alisema ni kama nyumba ya vyumba viwili, kila chumba na ufunguo wake, na wa chumba hiki hawezi kuchungulia kile. Alisema fundi atakayekuja ni mwanamke mwenzao. Bi Shamsa akamwuliza, na huyo mwanamke akishindwa, mashine haitapelekwa Kilifi ikawekwa juu ya meza ya mafundi wanaume ikafunguliwa? Anaweza kumwapia kwamba haitapelekwa? Kaltuma hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

"Mwanangu, mimi sijui mambo ya diski," alisema Bi Shamsa. "Ninachojua ni kwamba ndugu yangu yuko kaburini, hawezi tena kujifunika. Ni sisi wa kumfunika. Ifute."

Sahla akalia. Hakulia kwa kupiga mayowe. Alilia kama mtu anayeombea kitu chake kisiuzwe, anasema wiki moja, mama mkubwa, wiki moja tu, nimwone mara moja halafu nitaifuta kwa mkono wangu. Bi Shamsa naye machozi yanamshuka, lakini kichwa anakitikisa. Nani wa kumlaumu? Wote wawili walikuwa wanampenda mtu mmoja, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Kaltuma aliinuka akaenda mpaka kwenye pazia la chumbani.

"Seif, nakuuliza kwa Mola wako. Uligusa kitu chochote kwenye mashine hii? Kama uligusa, sema, huenda ikafunguka sasa hivi na huyu akamwona mamake."

"Nimeshakwambia sijagusa," akajibu Seif.

Sahla akajipangusa uso kwa ncha ya buibui. Alitazama chini, kisha akamtazama mama yake mkubwa. Mamake, alisema, hakupenda hata jirani wa kiume amwone akianika nguo. Sasa aachwe ndani ya chombo cha kuchezea watu, eti kwa sababu yeye anamtamani?

"Futa," alisema.

Kaltuma akaingia kwa upande wa Seif, ndio uliokuwa unafunguka, akautafuta upande wake akaukuta, hausomeki kutoka huko, lakini unafutika. Upo ufutaji wa haraka, unamaliza mara moja, lakini Kaltuma aliujua ubaya wake, kwamba fundi mwenye zana zake anaweza kuyafukua yaliyofutwa. Yeye alikuwa ameahidi sitara, na ahadi yake haikuwa ya nusu. Akachagua ule wa kina, unaopita kila pembe ya diski na kusugua. Mstari ukaanza kutembea kwenye skrini, polepole, na wote watatu wakakaa kuutazama. Bi Shamsa alikuwa anavuta uradi. Sahla hakuondoa macho kwenye ule mstari mpaka ulipofika mwisho. Kisha Bi Shamsa akamshukuru Kaltuma, akamwombea dua, wakaondoka wameshikana mikono. Seif akatoka chumbani akauliza kama kuna mahamri yaliyobaki.

Wiki iliyofuata Fridah akaja kama alivyoahidi. Aliposikia yaliyotokea alikaa chini akashika kichwa, lakini kazi ni kazi, akaiweka Linux upya kwenye ule upande mtupu, akaweka na draiva ya kadi ya picha, akawasha. Skrini nyeusi. Fridah akasonya. Akazima, akaingia kwenye mipangilio ya chini, akapekua huku na huku, halafu mkono wake ukasimama.

Akamwita Kaltuma akamwonyesha. Kulikuwa na kitu Fridah anakiita kufuli ya kuwashia. Ikifungwa, mashine inakataa draiva yoyote isiyo na muhuri, na draiva ya upande wa Kaltuma haikuwa na muhuri huo. Siku aliyoigawa diski yeye Fridah aliiacha wazi, anakumbuka vizuri. Sasa imefungwa, na haiwezi kujifunga yenyewe. Akaifungua, akawasha, na skrini ya Kaltuma ikang'aa, safi, na ndani hamna kitu.

Kaltuma akauliza kama siku ile nayo ingekuwa hivi hivi. Fridah alijifanya anakunja nyaya zake.

"Niambie," alisema Kaltuma.

"Ingefunguka," akajibu Fridah.

Seif alirudi kwa chakula cha mchana akamkuta mkewe amekaa, jiko halijawashwa. Fridah alikuwa ameshaondoka. Kaltuma alimwuliza kuhusu kufuli, na safari hii Seif hakuapa. Akasema gemu yake ilikuja toleo jipya, likagoma kufunguka mpaka kufuli ifungwe, na kina Muzammil walikuwa njiani. Aliona maelezo kwenye simu, akaifunga. Alitaka kuirudisha akasahau. Alipoulizwa mara ya kwanza aliona aibu, maana alikuwa ameapa. Mara ya pili, Bi Shamsa yuko sebuleni, angesemaje tena? Angeonekana mtu wa namna gani? Alimwuliza Kaltuma hivyo, kwa dhati kabisa, kama mtu anayetarajia kuonewa huruma. Kisha akamsihi asimwambie Sahla. Kilichokwenda kimekwenda, kumwambia ni kumtonesha kidonda tu.

Kaltuma alimchukia pale pale, chuki kavu, haina hata kelele. Akachukua simu, akaiweka mezani kati yao, akafungulia sauti, akampigia Sahla. Alimweleza yote, kufuli na gemu na Muzammil, bila kupunguza neno.

"Siku ile nilipokuja na mama mkubwa," Sahla akauliza, "alikuwa nyumbani?"

"Alikuwa chumbani. Nyuma ya pazia."

"Alinisikia nikilia?"

Kaltuma akamtazama mumewe. Seif alikuwa anatikisa kichwa, mkono wake umeshaanza kuifuata simu.

"Alikusikia," alisema Kaltuma.