Madirisha ya Shangazi

Mimi nilikwenda pwani kupumzika. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu ukoo mzima sasa unasimulia vingine.

Nilikuwa na siku tatu tu. Jumatatu saa mbili asubuhi nilitakiwa niripoti kiwanda cha sare, nianze kazi ya kukata vitambaa, kazi niliyoiomba mara nne na kunyimwa mara tatu. Miaka tisa nimeshona barazani kwa watu, mvua ikinyesha naburuta cherehani ndani, ikikatika naiburuta nje. Msimamizi aliniambia bila kupepesa macho, "Usipofika Jumatatu nampa anayefuata. Wako kumi na wawili hapo nje." Nikamjibu nitafika hata kwa kutambaa. Wiki hiyo hiyo shangazi, dada yake baba, akanipigia simu. "Njoo upunge upepo kidogo kabla hujafungiwa kiwandani. Nitakutembeza miji yote ya huku." Nikanunua ndala mpya za kutembelea mchangani. Mjinga mimi.

Shangazi ni fundi wa mapazia. Nyumba za wageni za ukanda ule amezishonea tangu sijazaliwa. Anakaa chumba na sebule, na bahari iko mtaa wa pili tu, lakini huioni ng'o, maana dirisha la sebule limezibwa na marobota ya vitambaa hadi juu. Nilipofika Alhamisi alinipapasa uso, mabega, mikono, kisha akacheka. "Mkasi wangu! Umenenepa wewe." Mkasi ndilo jina langu la nyumbani, na nililipata kwa sababu ya mdomo kabla sijajua hata kushika sindano. Akanitengenezea chai, akaitia chumvi badala ya sukari. Nikadhani ni utani wake ule ule wa zamani, nikaimwaga.

Ijumaa tukapanda basi kwenda mji wa kwanza. Alining'ang'ania mkono tangu mlangoni. "Nisije nikakupoteza," akasema. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne! Njia nzima ni maswali: pale pameandikwa nini, lile jengo la kona siku hizi lina rangi gani, soko bado liko palepale? Nikamsomea vibao vyote mpaka koo likakauka. Tulishuka mbele ya nyumba ya wageni ya ghorofa moja, na mwenyewe alikuwa anatungoja na ngazi mkononi. Hapo ningeshtuka, lakini wapi.

"Mkasi, hebu tupimie hilo dirisha mara moja," shangazi akasema. "Magoti yangu na ngazi hayaelewani tena."

Sasa, futi ya kupimia haitoki mkobani mwangu hata nikienda msibani. Nikapanda. Nikapima upana, nikapima urefu, nikaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wangu mwenyewe. Dirisha moja likawa mawili, mawili yakawa saba. Bahari niliiona siku hiyo, sikatai. Niliiona mara saba, kila mara niko juu ya ngazi na kalamu mdomoni. Niliposhuka yule bwana akanipa mkono, uso umemng'aa. "Karibu sana. Shangazi yako alishatuambia umekuja kumpokea kazi."

Nilimgeukia shangazi. Alikuwa anautabasamia ukuta.

Lazima nieleze kitu hapa. Familia yetu ni ya mafundi tangu babu, na babu alituachia sheria moja tu: aliyepima ndiye anayeshona. Alisema kila mkono unavuta futi kivyake, huyu anabana, yule analegeza, na mtu akishonea vipimo vya mwenzake atamharibia mteja. Baba aliwahi kutoroka hospitali, mkono umefungwa bandeji, akarudi kumaliza kushona suruali moja aliyokuwa ameipima. Nimelelewa hivyo. Na nilikuwa nimeshapima madirisha saba.

"Umenitega," nikamwambia kwenye basi.

"Nani kakulazimisha? Umepanda ngazi kwa miguu yako."

"Jumatatu nina kazi, shangazi! Kazi!"

"Jumatatu bado," akasema, akanishika mkono tena. Nilitamani kuuchomoa. Sikuuchomoa, lakini hasira zilikuwa zimenijaa hadi masikioni.

Jumamosi niliiacha futi chini ya godoro. Kwa kusudi. Tukaenda mji wa pili, kwa mama mmoja mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi na kimoja. Shangazi alipoketi kupata kinywaji, yule mama akanivuta ukumbini akanionyesha pazia aliloshonewa mwezi uliopita. Upindo ulikuwa umekwenda upogo, upande mmoja umepanda kiganja kizima. "Sijamwambia kitu, namheshimu," akaninong'oneza. "Lakini kwa kuwa umekuja wewe..." Akanipa futi yake. Mashavu yaliniwaka kwa aibu. Ile ilikuwa kazi ya nyumba yetu, imening'inia upande mbele za watu. Mdomo ulikuwa unakataa huku mikono inapima. Kumi na moja na saba, kumi na nane. Usiku huo nilihisi kuta za sebule ile na marobota yake zinanisogelea. Nikaamua: basi la saa moja asubuhi, bila kuaga. Atanichukia, na apoe mwenyewe.

Asubuhi nikachukua begi, nikaenda kuvalia jikoni ili nitokee mlango wa huko. Nilipochungulia sebuleni, shangazi alikuwa ameshatoka chumbani kwake na kukaa kwenye cherehani, kanipa mgongo, anatazama mlango wa chumbani. Mlangoni hapo lilikuwa limetundikwa gauni langu jekundu, nililolisahau tangu Alhamisi.

"Umeamka, Mkasi?" akasema.

Nikaganda jikoni. Lakini hakuwa amegeuka. Alikuwa anasema na gauni.

"Najua umesimama hapo umenuna. Usinijibu, nisikilize tu. Tangu mwaka jana naona vivuli, mwanangu. Nashona kwa kupapasa. Sijamwambia baba yako, maana atakuja kunichukua aniweke kitini nyumbani kwake, niletewe uji, ningojee kufa. Nikasema nikikuonyesha hii miji na haya madirisha utavipenda. Nimekosea, nisamehe. Nenda kazini kwako. Ila usiniage, kwa sababu nitalia, na nikilia wewe hutaondoka."

Chumvi ile. Vibao vile vya barabarani. Mkono ule usiotaka kuniachia. Loo, na mimi kutwa nzima kununa tu!

Honi ya basi ikasikika stendi. Shangazi akalipungia gauni mkono. "Haya, nenda," akaliambia. "Utachelewa."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilikuwa na tiketi ya kurudi mfukoni, na kule kiwandani walikuwa wananingoja watu kumi na wawili niteleze. Nilimkasirikia sana shangazi, nataka niseme kweli. Nilimkasirikia yeye, na babu na sheria yake, na mikono yangu hii. Angenilazimisha ningekwenda. Kuniruhusu ndiko kulikonifunga miguu.

Nikaliweka begi chini taratibu asisikie. Nikazunguka kwa kunyata, nikasimama mbele ya gauni langu, pale pale alipokuwa anapungia, asije akajua kamwe alikuwa anaagana na kitambaa.

"Naenda wapi, shangazi," nikasema, "na madirisha kumi na nane nimeyapima mimi?"

Akaushusha mkono wake. Akalia kama alivyosema atalia, nami nikapiga magoti nikamkumbatia, nikalia pia. Yeye alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa naililia Jumatatu yangu.